HAWA NDIO WALIOJAZA KOMENTI ZETU: HISTORIA YA ROBOTI ZA MTANDAONI KUTOKA CORNELL MPAKA NACHINGWEA

Najua mmenitukana sana wiki hizi tatu. Kuna mdau alinitumia ujumbe akasema nimefunga komenti kwa sababu nimeshiba sifa, mwingine akasema nimetishwa na yule msanii tuliyemuongelea juzi (yule wa magari mawili, mnamjua). Hapana. Sijatishwa na mtu, na ndio shida yenyewe: walionivamia hawakuwa watu.

Mnajua utaratibu wa hapa, majina hatutaji, mnabashiri wenyewe huko chini. Leo pia nitaenda hivyo hivyo, ila wahusika wa leo ni wakubwa kuliko msanii yeyote niliyewahi kumuongelea, na wengine mahakama zenyewe hazikuruhusu watajwe.

Ilikuwa Jumamosi, Namungo wanacheza nyumbani pale Majaliwa, Ruangwa. Nilienda kupiga picha za mashabiki, si mnajua zile. Narudi Nachingwea jioni kwenye Noah, tumebanana, nafungua simu kuangalia wageni wa blogu. Kawaida yangu kwa siku ni watu mia tatu, nne zikizidi. Siku hiyo ilikuwa imeandika elfu arobaini na kitu. Wadau, niliona nimetoboa. Nikamwonyesha hadi kaka aliyekaa pembeni ambaye simjui. Akaniambia hongera, usitusahau.

Nafika nyumbani nafungua laptopu, komenti zaidi ya elfu sita. Nikasoma ya kwanza: dawa za nguvu za kiume. Ya pili: kamari. Ya tatu Kirusi. Ya nne mkopo wa haraka, ya tano picha ambayo siwezi kuielezea hapa maana mama yangu huwa anasoma. Halafu ikaja barua pepe kutoka kampuni inayonitunzia blogu, kwamba natumia seva yao kupita kiasi, nilipie kifurushi kikubwa au wanazima. Asubuhi walizima kweli.

Walipowasha, nikafanya kosa ambalo ndio sababu ya kuandika haya yote. Nilikuwa na hasira na bando linaisha. Nikatiki zote, nikafuta zote, na kule kwenye pipa la taka nikafuta tena. Nilipomaliza ndio nikakumbuka.

Mnakumbuka ile makala ya reli? Ile ya mzee wetu mmoja wa hapa Nachingwea ambaye utotoni alikuwa anauza embe stesheni, enzi za reli ya karanga. Waingereza walianza ule mradi wao wa karanga 1947, wakaleta matrekta, wakajenga reli ya kuja huku, 1951 mradi ukafa, na reli yenyewe ikafungwa 1963. Mzee alinipa picha ya zamani, yeye na mwenzake wamekaa kwenye tuta. Nikaiweka. Ijumaa usiku, siku moja kabla ya mechi, dada mmoja wa Mtwara akaandika chini yake: huyo wa kushoto ni baba yangu, yupo hai, haoni vizuri ila nimemwelezea picha, anauliza mwenzake bado yupo? Akaacha na namna ya kumpata.

Nilisoma, nikasema Jumapili nitampelekea mzee habari. Sikuandika pembeni. Jumapili nikawa nimeifuta pamoja na dawa za nguvu za kiume.

Basi tangu siku hiyo nikawa nataka kujua: hivi hawa ni nani? Nilisoma usiku kwa usiku, bando la usiku ni rahisi. Nakuletea nilichopata.

Kwanza tuelewane neno. Wataalamu wanaziita boti, nilipomwambia mama kwamba blogu imevamiwa na boti akaniuliza imefikaje Nachingwea na bahari iko Lindi. Kwa hiyo mimi nitasema roboti. Sio ile ya chuma yenye macho mekundu. Ni programu tu, maandishi, inayofanya kazi ya mtu bila mtu: inafungua kurasa, inajaza fomu, inajaribu pasiwedi, haichoki, hailali, haili. Nzuri zipo. Google wanakuonyesha blogu hii kwa sababu roboti yao ilipita hapa ikasoma. Tatizo ni zile nyingine, na ni nyingi: kampuni ya usalama ya Imperva ilisema kwenye ripoti yake ya 2025 kwamba mwaka 2024 trafiki ya roboti, nzuri na mbaya pamoja, ilizidi ya watu duniani, asilimia 51. Maana yake ukisikia mtu anajisifia wageni milioni, muulize wangapi wana damu.

Kisa kikubwa cha kwanza ni Novemba 1988 huko Marekani. Kijana wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo cha Cornell, aliachia programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Aliiachilia kupitia kompyuta za chuo kingine, MIT, ili isijulikane imetoka wapi. Moja ya mbinu zake ilikuwa kubashiri pasiwedi rahisi, kitu ambacho roboti za leo bado zinafanya. Alikosea hesabu, ikajinakili kupita alivyotaka, na kompyuta zinazokadiriwa kufika 6,000 zikalemewa, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000 hivi. Utamu wa kisa: baba yake alikuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta serikalini! Mtoto alihukumiwa 1990, hakwenda jela, akapewa kifungo cha nje, kazi za jamii masaa 400 na faini ya dola 10,050. Baadaye akaja kuwa profesa. Wapi? MIT. Haya bashirini.

1994 jamaa mmoja akapendekeza kila tovuti iweke faili dogo mlangoni linaloiambia roboti wapi ipite na wapi isipite. Mpaka leo linatumika. Ila ni kibao tu cha HAPITI MTU. Roboti yenye adabu inasoma na kutii, mwizi anasoma ili ajue vitu viko chumba gani. Mimi nilikuwa nalo na nilidhani ni ulinzi!

Februari 2000 wakubwa wakaanguka. Yahoo, eBay, Amazon, CNN, ndani ya siku chache, moja baada ya nyingine. Aliyefanya alikuwa na miaka 15, anaishi Montreal, Kanada. Sheria ya kule haikuruhusu jina lake litangazwe kwa vile ni mtoto, kwa hiyo dunia ikamjua kwa jina la mtandaoni tu. Alipewa miezi minane kwenye kituo cha watoto. Njia yake ilikuwa kuteka kompyuta za watu wengine na kuziamrisha zote zigonge mlango mmoja kwa wakati mmoja. Hodi za watu elfu kumi kwa sekunde, mwenye nyumba anashindwa kumfungulia hata mgeni wa kweli. Hii ndio ilinipata mimi, kwa udogo wake.

Mwaka huo huo 2000 Yahoo walikuwa na shida nyingine, roboti zinafungua barua pepe za bure kwa maelfu na kutuma takataka. Watafiti wa Carnegie Mellon, akiwemo kijana mmoja kutoka Guatemala, wakaja na dawa: herufi zilizopinda pinda ambazo jicho la mtu linasoma na kompyuta inashindwa. Ndio babu wa ile tiki ya "Mimi sio roboti" na zile picha za kuchagua taa za barabarani. (Zile taa kwa kweli kwa mtu wa huku sio haki, mimi taa za barabarani nimeanza kuziona Dar.) 2007 kijana yule akaongeza ujanja, ukisoma zile herufi unakuwa umesaidia kutafsiri neno la kitabu cha zamani ambalo mashine ilishindwa kulisoma. Mamilioni ya watu wakawa wanafanya kazi ya maktaba bila kujua. 2009 Google wakainunua.

Zile komenti za takataka nazo zina historia yake, fupi. Zinawekwa ili Google waone kiungo cha tovuti fulani kimetajwa sehemu nyingi na kuipandisha juu. Kwa hiyo yule aliyeandika habari za dawa chini ya picha ya mzee wangu wala hakutaka wewe usome. Alitaka Google wasome. 2005 ikaja Akismet ya kuchuja komenti kwenye blogu za WordPress. Aprili 2013 tena, kompyuta makumi ya maelfu zilizotekwa zilizunguka dunia nzima kujaribu kuingia kwenye blogu za WordPress kwa jina moja: admin. Kwa nini? Kwa sababu ndilo jina ambalo mfumo ulikuwa unalipendekeza mwanzo na watu hawakubadilisha. Nilipofungua kumbukumbu za seva yangu nikaona kitu kile kile, majaribio maelfu, admin, admin, admin. Na mimi, naona aibu kusema, jina langu la kuingilia lilikuwa admin.

Sasa tufike kwenye kisa ninachokipenda, na kwa bahati mbaya ndicho kinachoingia Afrika.

2016 vijana watatu wa Kimarekani, wa miaka kama ishirini hivi, walikuwa kwenye biashara ya gemu la Minecraft. Wenye seva za gemu lile wanapata hela nzuri, na ukimwangusha mpinzani wachezaji wake wanakuja kwako. Mmoja wa vijana hawa alikuwa na kampuni ya kuuza ulinzi dhidi ya mashambulizi. Yaani anauza mwavuli mchana na usiku anatengeneza mvua. Wakatunga programu wakaiita Mirai, jina kutoka kwenye katuni za Kijapani. Haikushambulia kompyuta. Ilitafuta kamera za ulinzi na ruta za majumbani, ikajaribu orodha ya majina na pasiwedi kama sitini hivi za kiwandani, zile za admin na 12345 ambazo mtu ananunua kamera, anafunga, anasahau. Wakapata jeshi lililofikia vifaa kama laki sita. Kamera za kulinda duka ndizo zimekuwa wezi.

Walipoona wanakaribia kujulikana wakaimwaga programu yote mtandaoni bure, ili kila mtu awe nayo na mshukiwa asijulikane. Oktoba 21, 2016 mtu mwingine akaitumia kwenye kampuni ya Dyn, na Twitter, Netflix na Spotify zikapotea kwa watu wengi wa Marekani. Aliyekiri miaka minne baadaye alikuwa mtoto wakati anafanya, naye jina halikutolewa. Wale watatu walikiri Desemba 2017, hawakwenda jela, wakahukumiwa kuisaidia FBI kukamata wenzao.

Sasa Liberia. Kulikuwa na Mwingereza mmoja fundi wa mambo haya, anayelipwa na mtu wa ndani ya kampuni moja ya simu ya Liberia ili amharibie mpinzani, Lonestar. Mshahara wake uliripotiwa kuwa dola 10,000 kwa mwezi. Hebu fikiria, mtu unalipwa kama meneja kwa kazi ya kukata mtandao wa nchi ambayo watu wake wala hawajakukosea. Novemba 2016 alitumia jeshi la Mirai kwa nguvu mpaka intaneti ya Liberia ikayumba. Wateja wa kawaida, mama anayetaka kumtumia mtoto hela, wote wakaumia kwa ugomvi wa matajiri wawili. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, Februari 2017, na hapo alikuwa na dola 10,000 taslimu. Januari 2019 akapewa miaka miwili na miezi minane. Mimi kwa maoni yangu ni michache.

Na jirani zetu Kenya mnakumbuka, Julai 2023. Ile eCitizen yao, ambayo serikali ilikuwa imeweka huduma zaidi ya 5,000, pasipoti, leseni, viza, kila kitu humo, ikaanza kugoma. Watu wakashindwa kununua umeme wa tokeni, tiketi za treni zikasumbua, M-Pesa ikaguswa, na wageni ikabidi wapewe viza wanapofika kwa sababu mfumo wa kuombea haufanyi kazi. Waziri wao wa mawasiliano akakiri hadharani ni shambulio, akasema walijaza mfumo maombi mengi kupita kawaida na kwamba hakuna taarifa zilizoibiwa. Kundi lililojitangaza lilijiita Anonymous Sudan, wakidai Kenya inaingilia mambo ya nchi yao.

Hapa umbea ukawa mtamu. Wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walisema hakuna cha Sudan, hao ni Warusi wamevaa kanzu. Mtu mweusi hawezi, ndivyo nilivyoisoma mimi kati ya mistari. Oktoba 2024 Marekani ikafungua mashtaka: ni ndugu wawili, Wasudani kweli, mmoja miaka 22 na mwingine 27. Walituhumiwa kwa mashambulizi zaidi ya 35,000, mpaka hospitali kubwa ya Los Angeles ikalazimika kupeleka wagonjwa wa dharura kwingine. Hawakuhitaji kamera za watu, walitumia seva za kukodi, na walikuwa wanaikodisha silaha yenyewe kwa mwenye hela. Umri wao ni kama wangu wadau. Sijui nijisikieje juu ya hilo. Kipaji kile, na wagonjwa wale.

Kwetu sheria ipo, ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingilia kompyuta ya mtu ni kosa na kutuma jumbe zisizoombwa nalo limo. Ila roboti iliyonijaza mimi ilionekana kutoka nchi zaidi ya ishirini kwa usiku mmoja, nani atamkamata nani. Na upande wa pili kanuni za maudhui ya mtandaoni, zile zilizotutaka wenye blogu tuombe leseni na kulipia, zinanitaka mimi nisimamie kinachoandikwa na wageni kwangu. Ile picha ya komenti ya tano ingekaa, wa kuulizwa ni mimi.

Nimefanya nini? Wadau mliozaliwa mashambani mnajua dungu. Korosho ikianguka au mahindi yakikomaa, mtu analala juu ya kijukwaa shambani analinda nguruwe na nyani. Huwezi kuzungushia ukuta eka tano, unakaa unapoona na unapiga debe. Nimeondoa admin. Pasiwedi mpya ni sentensi nzima ya Kimwera, roboti ikabashiri hiyo nitaipa zawadi. Mtu akikosea mara tano anafungiwa saa nzima. Kwenye fomu ya komenti nimeweka kisanduku kilichofichwa, mtu hakioni ila roboti inaona na kwa uroho wake inakijaza, ikishajaza imejitaja. Nimeweka mlinzi wa bure mbele ya seva, hodi zinapita kwake kwanza, anayegonga kupita kiasi anaambiwa asubiri. Na kila usiku nakala ya blogu nzima, komenti ndani, inaenda kwenye flashi ya steshenari ninayofanyia kazi.

Halafu nikaweka swali langu mwenyewe, maana taa za barabarani sizitaki: taja timu ya Ruangwa iliyowahi kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nikajiona mjanja. Siku mbili za majaribio roboti zote zikakwama. Nikampa mzee wangu wa reli ajaribu, mjukuu anamshikia simu. Akaandika "vijana wetu". Ikamkataa. Akajaribu "timu ya Majaliwa". Ikamkataa. Akaniangalia akasema, mwanangu, kwa hiyo mimi ndio mashine?

Sikuwa na la kumjibu. Ndipo nikamwambia pia kuhusu ile komenti, kwamba mwenzake wa kwenye picha yupo hai Mtwara na mimi nimeifuta. Nilitegemea anigombeze. Alikaa kimya, akauliza tu: alisemaje tena, neno kwa neno? Nikamwambia ninavyokumbuka. Akaniomba nirudie.

Swali nimeliondoa. Sasa hivi komenti inaingia bila swali lolote, ile mitego mingine inafanya kazi nyuma, zenye mashaka zinakaa pembeni na mimi nazisoma kwa macho, moja moja, kila usiku baada ya kufunga steshenari. Jana zilikuwa mia tatu na kumi. Za watu zilikuwa tisa.

Kwa hiyo komenti zimefunguliwa tena kuanzia leo, tukaneni tu kama kawaida. Na wewe dada wa Mtwara, kama unapitia hapa: mzee yupo, ana afya, na anasema mwambie baba yako zile embe mia mbili za deni bado anazidai. Andika tena hapo chini. Hata ukiandika neno moja nitaliona.